Breki Iliyoitwa Rweche

Gari lilikuja kwa kasi ya kilomita sitini kwa saa, na dereva wake alikuwa ameinamisha kichwa akipapasa sakafuni, akitafuta kitu kilichomdondoka. Mbele yake, katikati ya barabara pale Ngamiani, bibi mmoja muuza kashata alikuwa ameinama kuokota ndala iliyomchomoka mguuni. Watu waliokaa barazani walifumba macho. Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu muda wa kupiga kelele haukuwepo. Gari lenyewe ndilo lililoona. Lilijikaza mwili mzima, matairi yakaing'ata lami, likasimama shubiri mbili tu kutoka kwenye sinia la kashata. Dereva akainua kichwa, uso umempauka. Bibi akavaa ndala yake bila haraka, akamtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyejikojolea, akaenda zake. Na baraza zima likasema kwa pamoja, kama watu wanaoitikia dua:

"Rweche kashika."

Mhandisi Hiza Kilua alikuwa amesimama kwenye mlango wa kinyozi, nusu ya ndevu imenyolewa, nusu bado. Alisikia jina lile, na kifua kikampanda moto. Alikuwa amelisikia kwa miaka mitatu, tangu sheria ilipoamuru kila gari jipya liwe na kile chombo. Mwaka huo wa 2074 hapakuwa na mtu Tanga nzima aliyekiita kwa jina lake la kiserikali, Breki Tambuzi. Wote walikiita rweche. Mafundi waliuliza, "Rweche yako inashika?" Akina mama waliwaonya watoto wasivuke kwa kutegemea rweche. Jina la mtu mzima, Alistidi Rwechungura, mtu mwenye pua na masikio na tabia ya kuchelewa vikaoni, lilikuwa limegeuka kuwa neno la Kiswahili, linatumika kila siku kama sufuria.

Na ubongo wa kitu hicho ulitengenezwa na Hiza.

Chombo chenyewe kilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni jicho la picha, lililoiona barabara kama mtu anavyoiona. Ya pili ni jicho la mwangwi, lililotupa mawimbi mbele na kusikiliza yanavyorudi, likajua kitu kiko umbali gani na kinakuja kwa kasi gani, hata gizani, hata katika mvua za masika. Macho hayo mawili, nyaya zake, na pampu iliyobana breki, vilikuwa kazi ya Rwechungura. Sehemu ya tatu iliitwa mpimaji. Ulikuwa ubongo mdogo usiozidi ukucha wa kidole gumba, na ndio uliopokea habari za macho yote mawili ukaamua: hiki ni kivuli, pita, huyu ni mbuzi, punguza, huyu ni binadamu, simama. Uamuzi huo ulikwisha kabla kope ya mtu haijashuka. Macho bila mpimaji ni vioo tu. Hiza alikuwa ameisema sentensi hiyo mara nyingi sana, peke yake, bafuni.

Kwa nini basi jina halikuwa lake? Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Siku ya kusajili hakimiliki, miaka minne nyuma, sahihi mbili zilitakiwa. Rwechungura alimngoja kwenye ofisi ya usajili mpaka saa kumi jioni, akampigia simu mara tatu. Hiza hakwenda, na hati ikatoka na jina moja. Asubuhi ile alikuwa amepokea kadi ya mwaliko wa harusi, yenye maua ya dhahabu pembeni na majina mawili katikati: Alistidi Rwechungura na Siwema Mhina. Alikuwa amemfuata Siwema kwa mwaka mzima, Jumamosi baada ya Jumamosi, akimsomea mashairi aliyoyatunga mwenyewe, na Siwema alikuwa akisikiliza, akicheka, akisema mazuri. Alidhani kucheka kule kuna maana. Basi akazima simu, akaapa kwamba jina lake halitakaa karatasi moja na jina la mtu yule. Kiapo chake kilitimia vizuri kuliko alivyotaka.

Baada ya harusi aliacha kazi aliyokuwa akifanya na Rwechungura. Akaajiriwa na Maabara ya Ajali, chombo cha mahakama kilichochunguza magari yaliyogongana, na kwa akili yake hakuchukua muda kuwa Mkaguzi Mkuu. Hii ndiyo kazi aliyokuwa nayo siku ile ya kinyozi. Alirudi ofisini ndevu zimekwisha sawazishwa na moyo bado umechafuka, akakuta mezani barua yenye muhuri wa Mahakama ya Barabara. Ilimteua kuchunguza ajali ya Pongwe.

Ajali ya Pongwe kila mtu aliijua. Msafara wa harusi ulikuwa unatoka Tanga kuelekea Muheza, Jumamosi mchana. Mbele ilikwenda pikapu ya matarumbeta. Mambo mengi yalikuwa yamebadilika nchini. Treni zilipita juu ya nguzo, mahindi yalipaliliwa na mashine zenye miguu, lakini hakuna aliyethubutu kugusa matarumbeta. Vijana walisimama nyuma ya pikapu iliyo wazi, nyuso zao zikitazama magari yanayowafuata, wakipuliza na kuyumba, kama babu zao walivyofanya. Nyuma ya pikapu lilifuata gari la maharusi, lenye breki mpya. Nyuma yake gari kuukuu la Mwalimu Mwantumu Kiluwasha, shangazi wa bwana harusi, lililotengenezwa kabla ya sheria na lisilo na macho yoyote. Yalikwenda karibu karibu, kwa sababu msafara wa harusi hauachi nafasi. Ukiacha nafasi mgeni anaingia katikati, na msafara uliokatwa ni fedheha ya ukoo.

Gari la maharusi likasimama ghafla. Mbele yake hapakuwa na mtu barabarani, wala mbuzi, wala jiwe. Mwalimu Mwantumu akaligonga kwa nyuma. Maharusi walipona. Bi Chausiku, shangazi wa bibi harusi, aliyekaa kiti cha nyuma akimshikia mwali shela, hakupona.

Sheria ya Breki ilikuwa na kifungu kimoja kilichowapendeza sana walioiandika. Kilisema kwamba Breki Tambuzi itahesabiwa kuwa imetenda sawa, mpaka mtaalamu wa mahakama athibitishe vinginevyo. Maana yake ilikuwa nyepesi: gari likijisimamisha, lina sababu, anayeligonga nyuma ndiye mwenye kosa. Katika miaka mitatu, kesi mia mbili na kitu zilikuwa zimeamuliwa hivyo bila mtu kuuliza breki iliona nini. Mwalimu Mwantumu alikuwa anakabiliwa na miaka saba jela, naye alikuwa na miaka hamsini na nane.

Alikuja maabara siku ya pili, bila kuitwa. Akaketi na mkoba wake mapajani, akaukataa uji wa tangawizi aliopewa. Alieleza taratibu, kama anayefundisha, kwamba yeye na Bi Chausiku walikuwa wamefundisha shule moja miaka ishirini na miwili, meza zao zikitazamana, na kwamba ndoa ile waliipanga wao wawili, mpwa wa huyu kwa mpwa wa yule. Sasa ukoo wa bibi harusi haumsalimii. Maharusi wenyewe hawajui waanze maisha upande gani. Hakuwa amekuja kuomba kifungo kipunguzwe.

"Mimi nilikanyaga breki, baba," alisema. "Nilikanyaga mpaka kisigino cha kiatu kikavunjika. Nataka kujua lile gari liliona nini. Kama liliona mtu, na mimi sikumwona, nitakwenda jela na nitanyamaza. Lakini niambiwe liliona nini."

Hiza alimwambia atachunguza kwa haki. Alipoondoka, akafungua kisanduku cha kumbukumbu cha lile gari, kile kinachohifadhi kila kilichoonwa na kila kilichoamuliwa, akakiunganisha na ukuta wa picha.

Picha iko wazi kabisa. Mbele, pikapu. Juu yake, kijana mnene amebeba tarumbeta kubwa kuliko yote, lile linalojiviringisha tumboni mwa mpigaji, mdomo wake mpana kama beseni la kufulia. Kijana anayumba kulia, anayumba kushoto, kisha kwa madaha anainama mbele na kuuelekeza ule mdomo wa shaba moja kwa moja kwenye gari la maharusi. Jicho la mwangwi lilitupa mawimbi, na beseni lile la shaba likayakusanya yote na kuyarudisha kwa mkupuo. Mpimaji akasoma: chuma kikubwa, kinakuja, kwa kasi. Jicho la picha likaongeza: na juu yake uso wa binadamu, unatutazama. Hesabu ikakamilika. Simama.

Hiza alicheka. Alicheka peke yake katika chumba kile cheupe, kwa furaha ya mtu aliyeshika koo la adui. Kisha kamera ya ndani ya gari ikaonyesha kilichofuata, na mkono wa Bi Chausiku uliokuwa bado umeshika shela, akazima ukuta.

Aliandika taarifa kwa siku tatu. Kila neno lilikuwa la kweli. Breki ilikosea, Mwalimu hana hatia, chombo chote kiondolewe barabarani mpaka kirekebishwe. Mahali pa kutaja mtengenezaji, aliandika kama hati ilivyosema: A. Rwechungura. Alilitazama jina hilo likiwa limekaa pembeni ya neno "kifo", na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu lilimpendeza.

Alhamisi mchana Siwema akabisha hodi.

Alikuwa amevaa koti jeupe la duka la dawa, ufunguo wa gari kidoleni. Uso wake ulikuwa umejaa kidogo tangu aolewe, na Hiza alilichukia hilo, kwamba kujaa kule kulimpendeza.

"Habari za kazi, shem," alisema.

Neno hilo lilimkwaruza kila alipolisikia. Akamkaribisha kiti. Siwema hakukaa. Alitoa kijiwe cha kumbukumbu mkobani, akauliza kama anaweza kukichomeka, na ukutani ikatokea harusi yake mwenyewe. Msafara ule ulikuwa Raskazone, jua kali. Pikapu ya matarumbeta mbele, na nyuma yake gari la marafiki wa bwana harusi, ambalo lilikuwa lile gari la majaribio lenye breki ya kwanza kabisa. Gari la maharusi lilikuwa la tano, mbali nyuma. Mpiga tarumbeta anainama. Gari la majaribio linasimama papo hapo, watu ndani wanarushwa mbele, vinywaji vinamwagika kwenye suti, wote wanapasuka kicheko. Mmoja tu hacheki. Ameinama, anaandika haraka nyuma ya kadi ya mwaliko.

Siwema akaisimamisha picha hapo.

"Uliandika nini?"

"Shairi," Hiza alisema.

"Mashairi yako nimeyasikiliza mwaka mzima, Hiza. Ukitunga unatabasamu kama aliyeiba nyama chunguni. Hapo umekunja uso."

Siwema akangoja, naye alikuwa mtu wa kuweza kungoja. Mwishowe Hiza akamweleza, akitazama dirishani. Siku ile ya harusi yeye peke yake ndiye aliyeelewa kwa nini gari lilisimama. Asubuhi yake alimwandikia Rwechungura barua ya kurasa mbili, na michoro. Kabla hajaituma akafungua habari za siku hiyo, akakuta picha ya bwana harusi ukurasa mzima, na juu yake maneno: Mtu Aliyeyafundisha Magari Kusimama. Akaitia barua kwenye droo. Alifikiri itatokea tena siku moja, kwenye foleni, mbele ya wakubwa, gari litasimama kwa sababu ya tarumbeta na watu watacheka. Alitaka kicheko tu. Mtu kufa hakukuwemo kwenye hesabu yake.

Siwema alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua, mimi nilikuwa nakuonea huruma," alisema. "Nilidhani bado unanipenda. Kumbe si mimi. Wewe unamuwaza mume wangu kuliko ninavyomuwaza mimi ninayemfulia. Ungemposa yeye, tujue moja."

Masikio ya Hiza yalipata moto. Akauliza kama ataipeleka ile picha mahakamani.

"Siipeleki popote. Hii ni harusi yangu, haitakuwa kielelezo cha kesi. Nimekuja ujue kwamba kuna mtu anajua." Akachomoa kijiwe chake. Mlangoni akageuka. "Alistidi mpaka leo ukitajwa anasema, yule ana kichwa kuliko mimi. Anawaambia hata wageni. Nilikuwa namkubalia."

Akaondoka, na harufu ya dawa ikabaki chumbani.

Hiza alikaa na maneno hayo mpaka jua likageuka upande wa pili wa jengo. Yaliyomwuma hayakuwa yale ya kuposa. Yaliyomwuma ni kwamba Rwechungura alikuwa anamsifu. Mtu mwenye kila kitu anaweza kusifu. Kusifu hakumpunguzii kitu. Angekuwa anamsengenya, Hiza angepumua. Aliichukua taarifa yake, akaisoma tena kutafuta uongo, hakuuona hata mmoja. Mwalimu ataachiwa. Breki itarekebishwa. Mwenye jina atabeba mzigo wa jina. Hakuna aliyeuliza habari za droo, na yeye hakuona sababu ya kujibu lisiloulizwa. Akaifunga taarifa, akaipeleka.

Siku ya kesi mahakama ilijaa mpaka madirishani. Ukoo wa bibi harusi ulikaa kushoto, ukoo wa bwana harusi kulia, na katikati wakaacha njia pana kuliko ilivyohitajika. Bibi harusi mwenyewe, Zuhura, aliketi mbele kabisa upande wa kushoto, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji mpaka kiwikoni, macho sakafuni. Mumewe alikuwa upande wa pili, pamoja na watu wake. Mwalimu Mwantumu alisimama kizimbani na miwani ya kusomea, kama anayengoja kusahihisha madaftari.

Hiza alisoma taarifa yake kwa sauti safi. Alionyesha picha. Alieleza mwangwi na shaba kwa maneno ambayo hata wazee wa mlangoni waliyafuata, na ilipofika pale beseni la tarumbeta linapogeuka, watu wakashusha pumzi kwa pamoja. Mwalimu Mwantumu alivua miwani. Alikuwa ameambiwa hatimaye gari liliona nini. Liliona shangwe, likadhani ni hatari.

Jaji Mkunde, mama mwembamba asiyependa maneno mengi, akauliza ilikuwaje chombo kilichofundishwa kutambua mbuzi, mvua na bajaji kisijue matarumbeta, kitu ambacho kila mtoto wa Tanga anakijua. Hiza akajibu kwamba mpimaji hufundishwa kwa kurekodi barabara. Kumbukumbu zinaonyesha waliirekodi kwa siku mia mbili na kumi, na zote zilikuwa kati ya Jumatatu na Ijumaa. Harusi ni Jumamosi na Jumapili. Mpimaji hakuwahi kuona harusi.

"Nani alipanga ratiba hiyo?"

"Hati za chombo zina jina moja, Mheshimiwa," alisema Hiza, na moyo wake ulikuwa unaruka kama samaki.

Rwechungura aliitwa. Alikuja mbele kwa hatua ndefu, shati halijachomekwa vizuri upande mmoja, kama kawaida yake. Hiza alikuwa ameingoja siku hii. Alimngoja akane, alaumu nyaya, alaumu mpiga tarumbeta, alaumu sheria. Alimngoja atoe jasho.

"Ni yangu," alisema Rwechungura. "Chombo ni changu, ratiba ni yangu, kosa ni langu. Tulipaswa kurekodi Jumamosi na hatukurekodi. Naomba mama huyu aachiwe, asikae hapo kizimbani hata dakika moja zaidi. Na naomba wote waliofungwa kwa kifungu kile kesi zao zifunguliwe upya."

Ukumbi uliguna, ule mguno wa watu walioona jambo la kiungwana. Mzee mmoja wa upande wa kushoto, wa ukoo wa marehemu, alitikisa kichwa taratibu kwa heshima. Mwalimu Mwantumu akiwa bado kizimbani akanyoosha mkono kuelekea kwa Rwechungura na kusema Mungu amhifadhi. Siwema alikuwa safu ya tatu. Alikuwa anamtazama mumewe, na Hiza akauona mtazamo huo. Mwaka mzima wa mashairi haukumpatia hata robo yake.

Rwechungura akageuza macho, yakakutana na ya Hiza kwa nukta moja. Hayakuwa na chuki. Ndipo Hiza alipoelewa. Ratiba ile Rwechungura hakuipanga. Alijua ni nani aliyeipanga, na alikuwa amesimama mbele ya jiji zima akimsitiri.

Kusitiriwa. Na huyu.

Jina amechukua. Siwema amechukua. Sasa alikuwa anachukua hata kosa, na mikononi mwake kosa lenyewe linang'aa, linampandisha cheo, watu wanamwombea dua. Hakuna kitu kilichobaki cha Hiza duniani, hata hatia yake. Laiti yule bwana angekana, Hiza angeketi chini ametosheka na angenyamaza mpaka anaingia kaburini. Wivu uleule uliomfunga mdomo miaka minne ndio uliomnyanyua.

"Mheshimiwa, bwana huyu anasema uongo."

Jaji akamtazama juu ya miwani. Akamkumbusha kwamba yeye ni mtaalamu wa mahakama, si shahidi wa upande wowote, na kwamba akisema jambo litaandikwa.

"Liandikwe," alisema Hiza. "Ubongo wa mpimaji niliutengeneza mimi. Si yeye. Hawezi kuutengeneza, muulize hapo alipo auchore, hataweza. Ratiba niliipanga mimi. Yeye alisema turekodi na Jumamosi. Alisema mara mbili, tatu. Mimi nilikataa."

"Kwa sababu gani?"

Aligeuza macho kwa Rwechungura. Ukumbi mzima ulimngoja. Rwechungura alikuwa anatikisa kichwa kidogo sana, kama anayemwambia inatosha, kaa chini, na hilo ndilo lililomfungua tena.

"Jumamosi zilikuwa siku zangu za kumwona mwanamke. Nilidhani ananipangia kazi ili nisimwone." Sauti yake ilipanda. "Na kosa la tarumbeta nililijua. Nililiona kwa macho yangu kwenye harusi yake huyu. Nikaandika barua, ipo, iko kwenye droo yangu ya chini, kurasa mbili, na michoro. Sikuituma."

"Lini hiyo?"

"Miaka minne sasa."

Hakuna aliyeguna safari hii. Hiza alikuwa amesimama wima, amepanua kifua, akingoja kitu ambacho hata yeye asingeweza kukitaja, ile pumzi ya watu iliyompokea mwenzake. Haikuja. Yule mzee wa kushoto alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Siwema alikuwa ameinamisha macho, kama mtu anayemwona jirani uchi bila kukusudia. Rwechungura alikuwa ameketi, na kwa mara ya kwanza alionekana amechoka.

Jaji alimfutia Mwalimu Mwantumu mashtaka papo hapo. Akaamuru Breki Tambuzi izimwe katika magari yote mpaka ifundishwe upya, na akaagiza askari afuatane na Mkaguzi Mkuu kwenda kuileta barua. Mwalimu alishuka kizimbani akishikilia ukuta. Alipopita mbele ya Hiza akasimama. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi asubuhi ile, lakini si hili.

"Ulinikaribisha uji," alisema. "Nikakaa pale kwako, nikakuuliza gari liliona nini. Ukanitazama usoni."

Hiza alianza kupanga karatasi za taarifa yake. Yeye wa maneno mengi, yeye wa vina na mizani, alizipanga tena na tena.

"Bi Chausiku angekuwa hai, angekusahihishia hiyo barua yako," alisema Mwalimu. "Halafu angekutuma mwenyewe posta." Akaendelea na njia yake. Katikati ya ukumbi, kwenye ile nafasi pana, mtu mmoja wa ukoo wa bibi harusi akainuka akampa mkono, kisha wa pili, na pale walipokuwa wamekaa pande mbili watu wakaanza kuchanganyika.

Karani wa mahakama, kijana mtaratibu mwenye kalamu ya mwanga, alikuwa bado anaandika. Akamgeukia Hiza. Alieleza kwa adabu kwamba kuanzia sasa kumbukumbu zote za chombo kile, hapa na wizarani na popote kilipouzwa, zitasahihishwa kuonyesha mtengenezaji wa mpimaji. Akamwomba ataje jina lake kamili, taratibu, ili lisikosewe.

"Hiza Mbwana Kilua," alisema.

Alilisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayedai mali yake. Lilijaa ukumbini, likapiga kuta, likarudi. Na pale mbele, upande wa kushoto, Zuhura, ambaye asubuhi nzima alikuwa hajainua macho kutoka sakafuni, aliinua uso akamtazama, akamtazama sana, mpaka akawa na hakika kwamba jina lile na uso ule hatavisahau.